Jani ni Nguo

Msafiri apitaye njia ya Shinyanga kwenda Kahama mwezi wa Julai, wakati nchi imekwisha kukauka na ng'ombe wameruhusiwa kuingia mashambani wale mabua, aghalabu huona juu ya majabali ya kijivu yaliyotapakaa katika nchi ile weupe ambao si wa jiwe wala si wa magadi, na akisogea karibu hutambua kuwa ni vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa juani, ambavyo baada ya siku chache vitakuwa vikavu na vigumu kama vigae, vitiwe ghalani vingoje miezi ya uhaba. Hiyo ndiyo michembe. Nduguye ni matobolwa, yatokanayo na kiazi kilichochemshwa kwanza ndipo kikakatwa na kuanikwa. Na mgeni wa Usukuma anaweza kudhani ya kuwa hitilafu baina ya vyakula hivi viwili ni ya upishi tu, jambo la jikoni lisilomhusu mtaalamu wa mimea hata kidogo.

Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka siku moja, miaka kadha wa kadha iliyopita, niliposimama kando ya jabali la namna hiyo nikamkuta mama mmoja mtu mzima, ambaye majirani wote walimwita Mayu kwa taadhima, akitenga viazi vibichi katika mafungu matatu chini ya mwembe. Machoni pangu vyote vilikuwa vya ngozi nyekundu na nyama nyeupe, vya ukubwa mmoja na wa shamba moja, nikamwuliza kwa nini anahesabu kitu kimoja mara tatu. Alicheka, akaniambia, "Mwanangu, hivi havijapata kulala chungu kimoja." Fungu la kwanza lilikuwa la michembe, kwa kuwa viazi vyake vilikuwa na unga mwingi na maji haba, na kipande chake kikikauka hubaki cheupe hata mwaka ugeuke, la pili lilikuwa la matobolwa, kwa kuwa vikichemshwa havivurugiki na utamu wake huzidi, na la tatu lilikuwa la kuliwa siku zilezile pamoja na maziwa ya mgando, maana kipande chake kikianikwa hugeuka cheusi na kuwa na ladha ya moshi ingawa hakikuona moto. Nikaomba nioneshwe marando. Yale ya fungu la pili yalikuwa na jani lililochanwa vidole, lakini ya la kwanza na ya la tatu yalilingana mno, jani la umbo la moyo na kikonyo cha zambarau, hata nilipoyachanganya kwa makusudi ili nijipime sikuweza kuyatenga tena. Mayu aliyatenga upesi kwa kuvunja ncha na kutazama utomvu, na nilipomwuliza ni alama gani niitafute katika jani, alinijibu kwamba nisilitazame jani. "Jani ni nguo," akasema.

Neno hilo limenifuata tangu siku ile, na ndilo lililonitia kuandika, kwa sababu katika nchi yetu, na katika nchi jirani, kuna kazi kubwa na ya heshima inayofanywa ya kuandika na kupanga jamii za kiazi kitamu, na rai yangu ni kwamba kazi hiyo imesimama zaidi kwenye nguo kuliko kwenye tabia ya mvaaji. Sisemi haya kwa dharau ya ilmu. Ninayasema kwa kuwa nimeona hasara yake kwa macho, na nitaieleza mahali pake.

Kwanza yafaa msomaji ajue ni kiumbe gani tunachokizungumza. Kiazi kitamu si kiazi cha asili ya hapa. Kwao ni Amerika, na kilifika pande zetu baada ya merikebu za Wareno kufungua njia za bahari, kikapokewa na watu wa pwani, ambao wazee wao waliijua jamii mojawapo kwa jina la kindoro, kisha kikapanda bara kwa miguu ya wasafiri na kwa mikono ya wanawake. Carl Linnaeus wa Sweden alipokiandika mwaka 1753 alikiita Convolvulus batatas, na mwaka 1793 Lamarck wa Ufaransa akakihamishia katika ukoo wa Ipomoea, ukoo wenye mimea mingi itambaayo na kupanda na kuzunguka miti, yenye maua ya umbo la tarumbeta ambayo hufunguka alfajiri na kusinyaa jua likipanda. Kiazi chenyewe hakikusahau nasaba yake: katika matuta hutambaa, lakini mche ukipata mti wa karibu, jamii nyingine huukamata na kuuzunguka kama mkunde ukwamiao mtama, na nyingine hazishughuliki nao kabisa. Na yote haya, yenye kutambaa na yenye kusimama, yenye jani la moyo na yenye jani la vidole, yenye nyama nyeupe kama samli na yenye nyama ya rangi ya karoti au ya zambarau iliyoiva, ni mmea mmoja, jina moja la Kilatini.

Ajabu ya wingi huu haiwi ajabu tena mtu akitazama mambo mawili. Mwanadamu ana kromosomu 46, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kiazi kitamu kina 90, zilizopangwa katika seti sita, na fauka ya hayo ua lake aghalabu hukataa chavua ya mche wake wenyewe, na hata ya jamaa zake wengi, hata ikawa sharti litafute mume wa mbali. Kwa sababu hiyo mbegu ya kiazi, pale inapopatikana, ni mgeni siku zote: haifanani na mama wala na baba, na mbegu mia za mama mmoja zaweza kutoa viazi mia visivyojuana. Lakini mkulima hapandi mbegu. Hupanda marando, yaani kipande cha mwili wa mama yule yule, na kwa hiyo kile tukiitacho aina si kabila wala ukoo, bali ni mtu mmoja aliyekatwakatwa akaenezwa. Kiazi cha jina fulani kilichoko Sengerema na cha jina hilo kilichoko Bukombe, kama jina halikudanganya, si ndugu wawili. Ni mwili mmoja ulioko mahali pawili. Ikitokea mbegu iliyodondoka ikaota kando ya tuta, na mwenye shamba akauonea huruma mche ule asiung'oe, basi aina mpya imezaliwa. Ikitokea chipukizi likageuka rangi ya ngozi bila kumwuliza mtu, vilevile. Na kwa kuwa aina ni mwili mmoja, hufa kama mwili. Kiangazi kirefu, ugonjwa wa virusi usinyazao majani, au familia moja iliyohama bila kufunga marando yake, vyatosha kuifuta, na hakuna gunia la mbegu la kuirejesha.

Basi katika wingi wa namna hii ni lazima pawe na daftari, na daftari lipo. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima, Peru, mwaka 1971, kilishirikiana na kituo cha mboga cha Asia na baraza la rasilimali za mimea la wakati ule kutoa mwaka 1991 kitabu cha vipimo vya kiazi kitamu, ambacho mpaka leo ndicho mizani ya wapangaji wengi. Nimekisoma kwa furaha ambayo sikuitazamia. Huanza kwa kuuliza kama marando yana tabia ya kuzunguka mti, na kwa kiasi gani. Kisha huyapima urefu, yasiyofika sentimita 75 yakahesabiwa kuwa ya kusimama, na yanayozidi 250 yakawa ya kutapakaa kupita kiasi. Kisha huingia katika jani, kama ni duara au la umbo la figo, la moyo, la pembetatu, la mkuki au lililogawanyika vidole, na vidole vingapi, na kidole cha katikati kina umbo gani, na mishipa ya chini ya jani ina rangi gani na rangi hiyo imeenea mpaka wapi. Kisha ua, kisha kiazi chenyewe, umbo lake, ngozi yake, nyama yake na rangi ya pili iliyojificha ndani ya nyama. Hakimu mwadilifu hasikilizi ushahidi kwa makini kuliko haya.

Tena kazi hiyo ilikuwa ya lazima, maana majina ya wakulima, ambayo mimi huyapenda, ni mashahidi wasioaminika. Aina hupewa jina la aliyeileta, au la mahali ilikotoka, au la ajali iliyotokea mwaka ule, na ikivuka mto hubatizwa upya. Kuna aina moja ambayo Uganda iliidhinisha mwaka 1995 kwa jina la Tanzania; aina hiyo hiyo Malawi waliiita Kenya, na Zambia wakaiita Chingovwa, kila nchi ikimshukuru jirani kwa kiazi ambacho jirani naye alikijua kwa jina jingine. Nasi hapa kwetu tuna Ukerewe, ambayo hupandwa hata na watu wasiopata kukiona kisiwa hicho, tuna Polista, jina ambalo kila ninapolisikia hunifanya nimwazie mtu mwenye kanzu yake, tuna Sinia, na tuna zile zilizotoka mikononi mwa watafiti, Simama, Vumilia na Jitihada, ambazo majina yake yanasikika kama hotuba ya mkuu wa wilaya. Mtu atakayeorodhesha majina bila kutazama mimea atahesabu mwili mmoja mara kumi na kuacha mingine kumi katika jina moja. Hata jani, hata ngozi, havitoshi: mwaka 2015 wataalamu walipotazama ndani ya vinasaba walikuta katika kila kiazi kitamu kati ya 291 walivyovipima kipande cha vinasaba vya bakteria wa udongo, kilichoingia kale za kale bila ruhusa ya maabara yoyote, na hakuna mkulima wala mtaalamu aliyekuwa amekiona kwa macho.

Haya yote nayakubali. Shauri langu linaanzia hapa: kitabu kile, kwa insafu, hakikusahau chakula, kina sehemu ya kupima unga na maji, na sehemu ya kiazi kilichochemshwa, utamu wake na ulaini wake. Lakini tazama daftari zenyewe zinavyojazwa. Kurasa za jani hujazwa zote, kwa kuwa jani hupimika kwa kusimama shambani asubuhi moja na rula mkononi, na gari limeegeshwa kivulini. Kurasa za chungu huachwa wazi, au hujazwa kwa neno moja, kwa kuwa chungu hutaka kuni, hutaka subira, na hutaka mtu aketi katika nyumba ya mwenzake mpaka wakati wa kula. Na michembe hutaka zaidi, kwani ubora wake hauonekani siku ya kuanikwa bali mwezi wa Januari, ghala likifunguliwa. Hivyo yale yanayopimika kwa wepesi yakageuka kuwa ndiyo yenye maana, na yale yenye maana kwa mlaji yakabaki vichwani mwa akina Mayu.

Nilisema nitaeleza hasara. Baada ya mwaka ule niliomkuta chini ya mwembe, karani wa ofisi moja ya kilimo, ambayo sina haja ya kuitaja, alipita vijijini kukusanya marando ya kienyeji ili yahifadhiwe katika bustani penye maji, jambo jema lisilo shaka. Mayu alimpa yote matatu. Karani alipima majani, akakuta ya kwanza na ya tatu hayana tofauti kwa kipimo chochote cha jani, kikonyo, ngozi wala nyama, akaandika kuwa ni aina moja yenye majina mawili, na kwa kuwa bustani ni ndogo na maji ni ghali akapanda moja. Hakukosea kwa mujibu wa kurasa alizozijaza. Ukaja mwaka wa ukame, marando ya Mayu yakakauka, akaenda kwenye bustani ile kudai amana yake, akapewa fungu zuri la kijani lenye jani la moyo na kikonyo cha zambarau. Akapanda, akapalilia, akavuna, akaanika juu ya jabali lile lile. Siku ya tatu michembe yote ikawa nyeusi.

Sasa nitazame upande wa tiba, maana siku hizi ndiko neno kubwa lilikotokea. Viazi vyenye nyama ya rangi ya karoti vina kiini cha vitamini A, ambayo upungufu wake hudhoofisha macho na miili ya watoto wachanga, na kwa juhudi ya kuvieneza Maria Andrade, Jan Low na Robert Mwanga, huyu wa mwisho akiwa ni mwana wa Uganda, walipewa mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Howarth Bouis. Katika Kanda ya Ziwa mradi ulioitwa Marando Bora, kuanzia mwaka 2009, uligawa marando safi yasiyo na ugonjwa, ya njano kama Kabode, ambayo Uganda huijua kwa jina la NASPOT 10 O, na Ejumula na Jewel, na ya wenyeji kama Polista na Ukerewe, na ukawafundisha wakulima wa kila mahali kuwa walezi wa marando kwa ajili ya majirani. Naustahi mradi ule kwa jambo moja hasa, kwamba ulitambua kuwa tatizo la Usukuma si kiazi bali ni kiangazi: miezi mitano au sita isiyo na mvua, ambamo rando lisilo na kisima cha kulilaza hufa, na mkulima husubiri viazi vilivyosahauliwa ardhini vichipue kwa mvua ya kwanza, akapanda amechelewa.

Lakini mgawanyo wa rangi, ambao ni wa haki kwa tabibu, ukichukuliwa kuwa ndio mgawanyo wenyewe hupofusha. Katika jamii nyingi za zamani rangi ya karoti imeandamana na maji mengi, na watu wazima wa nchi hizi wanapenda kiazi chenye unga unaokaba kidogo. Jewel, mzaliwa wa Marekani, hailalamikiwi na mtoto, lakini mwanamume aliyetoka kulima hukiita kiazi hicho uji. Tena jua lile lile likaushalo michembe hula sehemu ya kiini cha vitamini, na miezi ya ghalani hula nyingine. Kwa hiyo swali la maana katika Shinyanga si kama kiazi ni cha njano au cheupe, bali ni: katika vya njano, kipi kinakubali jabali? Swali hilo halijibiwi na jani.

Katika ukanda wa dhahabu mambo yana sura nyingine. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumega vipande vya Mwanza, Shinyanga na Kagera, ndipo watu wa Bukombe na Mbogwe wakalala Shinyanga wakaamka Geita, na daftari zilizopangwa kwa mikoa zikakatika katikati ilhali marando hayakujua habari hiyo. Fauka ya mipaka kuna uhamaji. Habari ikienea kwamba mahali fulani jiwe limetoa, watu hufika kutoka Tabora, Kigoma, Mara na visiwani. Shamba la jana huwa mashimo leo. Na nyuma ya wachimbaji huja wake zao na dada zao, ambao baadhi yao nimewaona wakishuka garini na sufuria, mtoto, na fungu la marando lililoviringishwa katika kanga mbichi. Kwa hiyo machimbo ya Rwamgasa na Nyarugusu, ambayo hakuna aliyewahi kuyafikiria kuwa bustani ya mimea, yamekuwa mahali ambapo viazi vya nusu ya nchi hukutana, hubadilishana majina na kupoteza majina. Mtafiti wa aina za viazi angefanya vyema kupiga kambi huko kabla ya kwenda penginepo.

Asichelewe, maana soko la machimbo lina mpango wake, na mpango huo ni mfupi. Mama ntilie achemshaye viazi alfajiri kwa ajili ya watu wanaoshuka duarani anataka kiazi kikubwa, kiivacho upesi, chenye ngozi nyekundu, mchuuzi apakiaye lumbesa anataka kisichochubuka njiani, na wote wawili hukuuliza swali moja, "Vyekundu au vyeupe?" Basi mkulima wa jirani, kwa kuwa fedha iko huko, hupanda kile kiulizwacho, na vingine huvisahau taratibu.

Nami sikosi kustaajabu ninapowasikia wachimbaji wakiuliza rangi. Hakuna watu katika nchi hii wanaoidharau rangi ya kitu kuliko wao. Mletee mchimbaji jiwe linalong'aa, atakucheka. Huliponda, hulipitisha kwenye karasha, huuosha unga wake katika karai kwa mkono mwepesi mpaka mchanga utoke, ndipo atazame kilichobaki na kusema kama lina mali au halina. Ujuzi wote wa kazi yake ni huo, kutoliamini jiwe mpaka lipite katika maji. Kisha mtu yule yule huenda sokoni akanunua kiazi kwa ngozi.

Wako watakaosema kwamba ninayoyataka ni mapenzi ya ukale, na kwamba maneno ya bibi mmoja chini ya mwembe hayawezi kuingia katika daftari la serikali. Ninajibu kwa mfano ulio karibu. Katika zama za ukoloni maafisa wa kilimo waliokuja Usukuma walikuta wenyeji wana mpango wao wa udongo, toka kilimani mpaka bondeni, luseni, isanga, itogolo, ibushi, mbuga, kila mmoja ukiwa na zao lake na jembe lake. Na badala ya kuyafuta majina hayo waliyaandika katika taarifa zao, kwa kuwa yalisema jambo ambalo rangi ya udongo peke yake haikulisema. Miaka hiyo hiyo, mwaka 1935, Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa Amani huko Usambara, alitoa fikra ya kuusoma udongo kama mnyororo ushukao toka kilele hadi bonde, fikra ambayo leo hufundishwa duniani kote na ambayo mkulima wa Usukuma asingeiona ngeni. Kama udongo ulisikilizwa, kiazi kina taksiri gani?

Tena hakuna katika haya lisilopimika. Unga na maji hupimwa kwa mizani na joko. Weupe wa michembe baada ya siku tatu juani na baada ya miezi sita ghalani hulinganishwa na kadi za rangi zilezile zinazotumika kupimia ngozi. Idadi ya siku ambazo rando hustahimili kisimani bila kumwagiwa huhesabiwa kwa vidole. Hata fukusi, ambaye hupenya katika nyufa za udongo mkavu na kukitoboa kiazi kilicho juu juu, humwambia mtafiti ni aina ipi hujificha chini, na jambo hilo mkulima hulijua kwa kina cha jembe lake. Wakulima wa Teso nchini Uganda, wanaokausha viazi vyao wakaviita amukeke, wangeweza kulinganisha nasi ukurasa kwa ukurasa. Ninachoomba ni kidogo: kwamba Taasisi ya Utafiti wa Kilimo katika kituo chake cha Ukiriguru, ambacho baba zetu walikijua kwa mbegu za pamba za UK, na ofisi za kilimo za wilaya kuanzia Kishapu hata Chato, zisikubali aina yoyote ya kienyeji iandikwe kuwa ni sawa na nyingine kwa ushahidi wa jani tu, mpaka zote mbili zimeanikwa na kupikwa mbele ya mtu anayezilima, na kwamba kila jina liandikwe pamoja na kijiji lilikosemwa, hata kama ni majina saba ya mwili mmoja, kwa kuwa mwenye haja ya marando atakuja akiulizia kwa jina la kwao. Na karani atakayejaza kurasa za chungu asizijaze akiwa na njaa wala akiwa ameshiba mno. Hili naliongeza kwa uzoefu.

Mayu bado yuko hai. Alinitumia ujumbe kwa mjukuu wake akiniambia kwamba amesikia mtu aliyehamia machimboni zamani, jamaa wa upande wa mumewe, alichukua marando ya fungu lile la kwanza, na huenda yangali yapo. Nikamwuliza jina la marando hayo. Akasema wao nyumbani waliyaita kwa jina la mama mkwe wake, aliyempa siku alipoolewa, na jina hilo nimelitafuta katika orodha zote nilizozipata nisilione. Basi akanitumia kipande kimoja cha michembe alichokihifadhi tangu kabla ya ukame, cheupe, chepesi, ambacho kikigongwa juu ya meza hulia kama kigae. Wiki iliyopita nilizunguka nacho soko la Katoro tangu asubuhi hata adhuhuri, nikikitoa mfukoni na kuwaonesha akina mama wauzao viazi na matembele, nikiwauliza kama kuna anayelijua rando litoalo kitu hiki. Wengi walikichukua, wakakigeuza, wakanirudishia, wakaniuliza kwanza ni chekundu au cheupe. Mmoja tu, mama wa makamo mwenye lafudhi ya Kahama, alikivunja ncha, akaitia kinywani, akatafuna kimya kwa muda, akaniambia nirudi Jumamosi.